Fani ya Chakula Kikavu: Kutoka Kanpan hadi Akiba Isiyooza

Jeshi la Japani lilipopigana na Urusi mwaka 1904 na 1905, askari wake walibeba biskuti ngumu iliyookwa mara mbili ili isiharibike njiani. Jina lake rasmi lilikuwa juushoo menpoo. Menpoo ni mkate, kwa neno la kimaandishi lenye asili ya China. Juushoo ni kuoka kwa kurudia. Jina lilieleza ukweli mtupu wa jikoni. Lakini juushoo lina pacha wake wa sauti: likitamkwa vilevile, kwa urefu uleule wa irabu, huwa pia jeraha baya la kumlaza mtu. Hata kwenye maandishi pacha hawa wana alama moja ya kwanza, ile inayobeba maana ya uzito na ya kurudufu; hutengana kwenye ya pili tu. Askari aliyekabidhiwa chakula alikabidhiwa papo hapo na habari za kidonda. Jeshi likalifuta jina hilo, likaweka kanmenpoo, yaani mkate mkavu. Baadaye menpoo likaipisha pan, neno ambalo Wajapani walilipata kwa Wareno katika karne ya 16, na biskuti ikabaki na jina inaloitwa hadi leo: kanpan.

Badiliko hili nalisoma kama ninavyosoma rasimu ya mshairi aliyekata neno moja katika ubeti na kuandika jingine juu yake. Wahakiki wa Kiswahili tumelelewa katika fani na maudhui, na tumezoea kuvipima viwili hivyo katika tenzi, riwaya na tamthilia. Jina la chakula cha akiba tunalipita, kana kwamba ni kibandiko tu cha dukani. Kwangu ni utungo mfupi kuliko yote, na una kazi ngumu kuliko nyingi, kwa sababu unatajwa na mtu mwenye njaa au anayeiogopa njaa. Swali ninalouliza kila jina la aina hii ni moja: limeufanya nini muda? Chakula cha akiba ni chakula kilichotengenezwa kwa muda na kwa ajili ya muda. Jina linaloutaja muda limetimiza nusu ya kazi yake, na linalousahau linaweza kumgharimu mlaji.

Nauliza hivyo nikizitazama wilaya mbili za Mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti, ambako posho ya askari na ghala la nyumbani vimekaa pamoja kwa zaidi ya karne moja. Ikoma, katika Serengeti ya leo, palikuwa na ngome ya Wajerumani, na mwaka 1917 kikosi cha Naumann kilichojitenga na jeshi kuu la Kijerumani kilifika huko kikiishi kwa kunyang'anya vyakula na ng'ombe wa wenyeji. Kaskazini, Wakurya wa Tarime walikuwa miongoni mwa watu waliojiunga kwa wingi na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee walilifupisha wakaliita Keya. Desturi hiyo haikuishia kwa Mwingereza. Brigedia Mwita Marwa aliongoza brigedi katika Vita vya Kagera, na Jenerali Ernest Mwita Kyaro alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 1988 hadi 1994. Katika nyumba nyingi za huku, habari za biskuti ngumu na nyama ya kopo zilifika zikisimuliwa na mtu aliyezila.

Na ni kupitia Keya kwamba watu wa Tanganyika na askari wa Japani walikutana ana kwa ana. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za Tanganyika kama ya 26 na ya 36, iliteremka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika, ikilishwa kwa mizigo iliyodondoshwa na ndege, hadi ikavuka Mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Mbele yao jeshi la Japani lilikuwa linarudi kutoka Imphal nchini India. Lilikuwa limeanza safari mwezi Machi na chakula cha wiki chache, likitumaini kuteka maghala ya Waingereza, lakini halikuyateka. Katika mji wa Tamu na kandokando ya njia askari wetu walikuta maiti za Wajapani waliouawa na njaa na maradhi zaidi kuliko risasi. Jeshi lililokuwa makini kiasi cha kubadilisha jina la biskuti ili mlaji asisikie jeraha, lilipeleka watu vitani bila biskuti za kutosha. Hapo fani ilikuwa imenyooshwa na maudhui yakaachwa matupu.

Sasa tulitazame jina kanpan kwa karibu, tukitumia vipimo vya ushairi wetu. Mjapani halihesabu kama silabi mbili. Kwake kila n husimama peke yake, kwa hiyo neno lina mapigo manne: ka, n, pa, n. Mshairi wa Kiswahili halishangai hilo hata kidogo, kwa sababu naye huhesabu m ya mkate kama mizani kamili: m, ka, te. Halafu kuna vina. Kan na pan ni vina vya ndani vilivyokamilika, irabu ileile na king'ong'o kilekile, na kila nusu ya neno hukatika ghafla. Jina linagonga mara mbili, na biskuti yenyewe ukiigonga mezani hutoa mlio wa namna hiyo. Kwa hiyo sauti imebeba ugumu ambao maana haikuutaja, maana kan ni ukavu tu. Huu ni ufundi, hata kama haukukusudiwa na mtu mmoja.

Lakini angalia kilichopotea. Juushoo lilikuwa na kitendo ndani yake: kuoka, kisha kuoka tena. Lilikuwa na mpishi, tanuri na subira. Kanpan limebakiza hali tu. Mtu aliyeikausha hayumo, wala saa alizotumia. Muda umebaki kama tokeo, si kama kazi. Jina lingine la Kijapani, katapan, mkate mgumu, linakwenda mbali zaidi katika mwelekeo huo. Biskuti ya jina hilo inayojulikana sana hutoka Kitakyushu, ilikoanza kutengenezwa na kiwanda cha chuma cha Yahata kwa ajili ya wafanyakazi wake, na hadi leo huuzwa kwa jina la Kurogane, yaani chuma. Kata ni ugumu unaokutana na jino. Kama kan ni chakula kinavyoonekana ghalani, kata ni chakula kinavyomshinda mlaji. Jina moja limesimama upande wa mtunzaji, la pili upande wa mtafunaji.

Kuna jina la zamani kuliko yote hayo. Tarehe 12 Aprili 1842, huko Nirayama, ofisa aliyeitwa Egawa Hidetatsu alioka mikate mikavu kwa ajili ya askari, akihofia meli za kigeni wakati China ikishindwa na Uingereza vitani. Siku hiyo Wajapani huiadhimisha kama mwanzo wa mkate kwao. Mkate wake uliitwa hyooroo pan. Hyooroo ni chakula cha askari walio vitani, na Mswahili hahitaji kusumbuka kutafuta neno la kulilinganisha: ni posho. Mkate wa posho.

Posho ndilo jina letu kuu la chakula cha safari na cha jeshi, na fani yake ni ya kipekee. Sikiliza: po, sho. Irabu moja imerudiwa, mdomo umeviringwa mara mbili, neno limekwisha. Halina umoja na wingi tofauti. Halina sifa ndani yake; halisemi kavu wala bichi, gumu wala laini, unga wala nyama. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alipewa kibaba cha nafaka kwa siku, robo ya pishi, na hiyo ikaitwa posho. Askari Keya alipimiwa unga na maharage, na hiyo ikaitwa posho. Ukivuka kwenda Uganda, posho ni ugali wenyewe ulio kwenye sahani. Kenya kinu cha kusaga mahindi huitwa cha posho. Tanzania ya leo posho ni fedha za kikao na za safari, na Bunge limezijadili mara nyingi. Neno limetoka kwenye nafaka likafika kwenye noti bila kubadilisha hata herufi.

Limewezaje? Kwa sababu tangu mwanzo halikuwahi kutaja chakula. Linataja uhusiano: kuna anayetoa, kuna anayepokea, na kuna kipimo kati yao. Ndiyo maana chakula kikiondolewa na fedha ikawekwa mahali pake, umbo la neno linabaki limesimama. Kifani ni jina lenye nguvu kubwa, lakini kwa swali langu la muda lina kasoro nzito. Posho ni ya leo. Kesho itatolewa nyingine, au haitatolewa. Anayeishi kwa posho hana akiba, na neno halimkumbushi. Watu wa Tarime waliotumikia Keya walipokea posho ya mwaka hadi mwaka, lakini aliyebaki nyumbani akilinda ghala hakuwa na mtu wa kumpimia kibaba. Yeye alihitaji fani nyingine.

Fani hiyo iko juu ya majabali. Mara ni nchi ya mawe makubwa ya matale, na msimu wa kiangazi utaona muhogo umeanikwa juu yake, mweupe na wa kijivu, vipande vimepangwa jua linapopiga. Kiswahili sanifu huviita makopa. Jina hili ni la wingi kwa tabia. Mara chache mtu husema kopa moja. Ma- ya mwanzo inatangaza kwamba kitu kizima kimevunjwa, na kwamba kimeokolewa kwa kuvunjwa. Nalo lina pacha wa sauti, kama juushoo. Kopa ni pia kitenzi cha kuchukua cha mwenzako ukiahidi kurudisha. Mwenye makopa ghalani ndiye asiyehitaji kukopa, na asiye nayo ndiye atakayekopa. Sauti moja inashikilia pande zote mbili za mwaka wa mkulima. Hakuna jeshi lililotoa amri ya kulifuta neno hili, na ni vyema. Wajapani walikimbia pacha aliyetisha. Waswahili tumeishi na pacha anayeonya.

Huku Kanda ya Ziwa kuna udaga, na hapa ndipo hoja yangu inapokaza. Muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa, huachwa uchachuke na kuota ukungu, kisha hukwanguliwa, huvunjwavunjwa, huanikwa hadi ukauke kabisa, ndipo hutwangwa na kusagwa. Ugali wake, ambao mara nyingi huchanganywa na mtama au ulezi, ni wa rangi nzito na harufu inayoutambulisha kabla haujafika mezani. Soma mpangilio huo kama unavyosoma muundo wa hadithi. Kuna kumenya, kuna kufunika, kuna kuharibika kulikokusudiwa, kuna kufunua, kuna jua. Kuharibika ndiko katikati ya hadithi. Udaga haudumu kwa kukwepa uozo. Hudumu kwa sababu umepitishwa ndani ya uozo kwa kiasi kinachojulikana na mikono ya aliyeutengeneza. Muhogo mchungu una viini vinavyozaa sumu ya sianidi, na ni hatua hizo, kuchachuka pamoja na kukauka, zinazoiondoa. Muda ni kiungo cha chakula hiki, sawa na muhogo wenyewe.

Tulijua hilo kwa uchungu. Katika ukame wa katikati ya miaka ya 1980, Wilaya ya Tarime ya wakati ule, iliyojumuisha Rorya ya leo, ilipatwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usioponyeka. Wengi wa wagonjwa wake huwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watafiti walioufuatilia mwaka 1985 waliona chanzo chake katika muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, ukaliwa siku nyingi bila kitoweo cha kutosha chenye protini. Mazao mengine yalikuwa yamekauka shambani, ghala lilikuwa tupu, na njaa haikusubiri siku za kuvundika na kuanika. Watu walikijua chakula kile na jina lake walikuwa nalo. Kilichokatwa ni muda. Hata jina la ugonjwa lina fani ya kutisha: limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na linahusu miguu iliyofungwa, kama ya mnyama aliyenaswa mtegoni. Hatua zilizofupishwa jikoni zilirudi kama hatua zisizowezekana njiani.

Ndiyo maana sikubali kwamba jina ni kibandiko tu. Udaga kama neno hauelezi hatua zake kwa msikilizaji wa nje. Elimu yote imo kwa bibi na mama, haimo katika sauti. Elimu ya namna hiyo ikipita mkono kwa mkono katika mwaka wa kawaida inatosha. Katika mwaka wa ukame, mtu mzima anapoona watoto wanalia, kinachohitajika ni maneno mafupi yanayomshika mkono na kumwambia bado. Juushoo, pamoja na ubaya wa sauti yake, lilikuwa na neno hilo: oka, kisha oka tena.

Walaji nao wana fani yao wanapolishwa wasichokitengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahindi ya manjano yaliyotoka nje yalipojaa kwenye maduka ya Tanzania, watu waliuita unga wake Yanga, kwa jezi za klabu ya Dar es Salaam. Jina halikutoka ofisini. Limeundwa kwa sitiari ya rangi, na ndani yake kuna ushujaa ambao nauheshimu: taifa lililopanga foleni likakiita chakula cha dhiki kwa jina la timu inayoshangiliwa. Linganisha na jeshi la Japani. Huko wakubwa walibadilisha jina ili mdogo asiogope. Huku wadogo wenyewe walitunga jina ili wasiaibike. Lakini Yanga nalo halina muda ndani yake, na lisingeweza kuwa nao, kwa kuwa chakula kilifika kikiwa tayari kwenye magunia. Kazi yake ilikuwa kumsitiri mlaji, na liliimaliza mlaji alipomaliza kutafuna.

Tumebakiwa na utungo mmoja, na kwangu ndio kilele cha fani hii yote: akiba haiozi. Una mizani 7, mitatu kisha minne. Hakuna konsonanti mbili zilizokutana popote. Haiozi huweka irabu tatu mfululizo, a, i, o, na kinywa hakifungwi hadi kwenye z. Kimuundo una kiima na kitenzi tu, bila kivumishi, bila mtoaji, bila kipimo. Na kitenzi hicho ni kikanushi. Mtunzi asiyejulikana angeweza kusema akiba hudumu, na maana ingekaribiana sana. Asingefanikiwa. Hudumu ni ahadi laini isiyokumbusha hatari yoyote. Haiozi inakulazimisha ulitamke neno oza kwa kinywa chako, kisha ulikane. Uozo umeletwa mbele ya msikilizaji, umetajwa jina, ndipo ukaondolewa kwa ha- ya mwanzo. Kanushi hili halina wakati maalum. Halisemi haitaoza mwaka huu au haikuoza jana. Linasema ndivyo ilivyo, siku zote, maadamu ni akiba.

Msomaji anaweza kupinga kwamba kila kitu huoza, hata unga ghalani hupata fukusi. Ni kweli, na methali inalijua hilo. Nguvu yake iko kwenye neno la kwanza. Kinachooza hakikuwa akiba, kilikuwa masalio. Akiba ni kile kilichofanyiwa kazi ya kutooza. Kwa hiyo maneno mawili yanaunda sharti: ukitaka kukiita akiba, timiza kwanza kitenzi. Mtengenezaji wa udaga analitimiza kwa kuupitisha muhogo kwenye uozo hadi uozo wenyewe uishiwe nguvu. Mwokaji wa kanpan analitimiza kwa moto na kuondoa maji, kisha kopo linaifungia biskuti hadi miaka 5, pamoja na vipande vya sukari vya kuita mate, kwa sababu kinywa kikavu hakiwezi kuimeza. Methali inawatosha wote wawili bila kumtaja yeyote.

Ningependa kuona mwalimu wa fasihi wa Mugumu au wa Sirari akiyaweka majina haya ubaoni kabla ya kufika kwenye tenzi ndefu. Darasa litajifunza mizani kwa mkate na kanpan, vina kwa kan na pan, maneno pacha kwa makopa, sitiari kwa Yanga, na nguvu ya ukanushi kwa haiozi. Litajifunza pia kwamba Wareno waliwaachia Wajapani mkate na sisi wakatuachia meza, na kwamba kila taifa limejaza lililobaki kwa lugha yake. Wanafunzi wa Tarime na Serengeti hawatahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito. Wengi wao wameanika muhogo kabla hawajajua kusoma.

Na kwa wale ambao kazi yao ni kutaja vyakula, maofisa wa maafa, watengenezaji wa biskuti za lishe, watunza maghala ya taifa, hukumu yangu ni hii. Kwanza lipeleke jina kwenye sikio la mlaji, kwa sababu pacha wa sauti hajifichi. Kisha uliza jina limeufanya nini muda. Likitaja mkono unaotoa tu, limezaa posho, na posho hukoma siku mkono unapofungwa. Likitaja ukavu na ugumu tu, limeeleza ghala na halikumfundisha mtu kulijaza. Jina linalofaa watu wanaoishi kati ya mvua mbili zisizo na uhakika ni lile lenye kitenzi, linalomwambia mpishi afanye nini na asubiri hadi lini. Methali yetu imefanya hivyo kwa maneno mawili, na hakuna jeshi wala kiwanda nilichokisoma hapa kilichoishinda.